Maji Niliyoyameza Uwanjani

Zuhura shoga yangu,

Nisamehe nimekawia. Mwaka na zaidi bila neno, mimi niliyekuwa nikikutumia ujumbe hata wa kukwambia nimeona mbuzi amesimama juu ya gari la kasisi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo moja kubwa, na hilo ndilo lililonizuia. Babu yangu wa Mghange, kule milimani, alitulea tukijua kwamba marehemu haongeleshwi ukiwa na hasira naye kifuani. Maneno yanaoza njiani, alisema. Basi nikanyamaza. Tena nilizaa. Uliniacha na tumbo la miezi sita, na tangu nijifungue sijashika kalamu bila mkono mdogo kuivuta. Leo Saru amelala, mkubwa wake ameenda kanisani na nyanya yake, na mashuka ya lodge niliyoyaleta kutoka kazini nimeyafua na kuyaanika yote. Niko na saa moja, labda. Nikikatiza katikati ujue ameamka.

Nianze na habari ambayo ingekufanya uvue barakoa yako ya kudakia na kuitupa chini. Mwewe wameniacha.

Ndiyo, timu yetu. Mimi, mrushaji wao kwa miaka kumi na moja. Unakumbuka wakati hakuna mtu Voi hii aliyejua softiboli ni nini, tukipita na magongo yetu watu wanauliza kama tunaenda kuua nyoka? Sasa wanajua. Wamejulia kwa mkono wangu na kwa glavu yako, halafu wameniacha.

Nikupe mambo kwa mpango, maana wewe ukisikia nusu unaanza kutukana.

Nilirudi mazoezini Saru akiwa na miezi minne. Nilimlaza juu ya lesso kwenye kivuli upande wa beisi ya tatu, nikaenda kwenye duara kurusha. Dakika kumi tu jezi imelowa kifuani. Wasichana wakacheka, "Dada Wakesho, leo ni maziwa fresh ama mtindi?" Nikacheka nao. Mkono ulikuwa bado unazunguka vizuri. Shida ilikuwa kule mpira unakoenda. Nafasi yako ya kudaka wamempa msichana anaitwa Pendo, mtoto mzuri, miaka kumi na minane, adabu nyingi. Mpira wangu wa kushuka ulimpita katikati ya magoti mara tatu. Wa nne ukamgonga kidole gumba, akakaa chini akalia. Mimi nikasimama pale nikitazama mahali ulipokuwa ukichuchumaa. Wewe ulikuwa unaudaka ule mpira huku unamtusi mpigaji.

Kocha Mwadime akaandika kitu kwenye daftari lake. Siku zilizofuata akaandika tena na tena.

Jumamosi moja akatuita tukae kwenye nyasi asome majina ya msimu mpya. Alisoma kumi na tano. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu nikingoja langu. Nikafunga cha kulia, nikafunga cha kushoto, nikainua kichwa, na yeye akawa amefunga daftari.

Halafu mwenyekiti, Mzee Mwakio, akasimama kwa ile sauti yake ya matangazo ya kanisa. Ati Wakesho ametutumikia kwa moyo, sasa tunampumzisha akalee watoto, tumpigie makofi. Wakapiga. Akanipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya Krismasi. Thermos, Zuhura. Ya maua. Kama mwalimu wa nasari anayestaafu.

Nilimfuata kocha kando. Nikamwambia, niambie kwa mdomo wako. Akaangalia viatu vyake. "Dada, bega limechoka. Umri nao. Na umezaa, unaelewa? Mghoi ana miaka kumi na tisa." Mghoi, mrushaji wao mpya, namjua, mimi ndiye niliyemfundisha kukunja kiwiko cha mkono, na sina neno naye hata leo. Lakini umri! Nina miaka thelathini na miwili. Kule kwetu milimani huo ni umri wa mwanamke kuambiwa bado hajui kulima.

Nikarudi nyumbani Mwakingali na mtoto mgongoni na thermos mkononi. Mwambi alikuwa kazini mbugani, zamu ya wiki tatu. Nikampigia simu. Aliniambia, "Mama Saru, si upumzike tu?" Nikakata simu. Alipiga tena mara sita. Ni mume mzuri, lakini siku hiyo alisema neno lile lile walilosema wao.

Sasa sikiliza ilivyoendelea. Mwewe wakacheza bila mimi, wakapoteza. Wakapoteza tena. Mechi nne mfululizo, hata na wale wa Mwatate ambao tulikuwa tunawashinda huku tunakula miwa. Watu wakaanza kuongea. Pale sokoni kuna mama anayeuza nyanya, mtu wa Mghange kama mimi. Alinipimia nyanya zangu, akainama, akaniuliza polepole, "Wakesho, kwani umewafunga wale watoto?"

Nikamwambia mimi nimefunga nepi tu.

Lakini nilielewa. Wewe pia unaelewa, kwa sababu ulikuwepo siku ile kwa Babu. Kwetu, mtu uliyemkosea akikaa na hasira yake, hiyo hasira haikai bure, inatembea. Inaingia kwenye ng'ombe wako, kwenye mahindi, kwenye tumbo la bibi yako. Na hakuna mganga wa kuitoa. Anayeitoa ni yule aliyekosewa, kwa kutasa. Anasema yote yanayomuuma, anamtaja kila mtu, halafu anachukua maji kinywani, au maji ya miwa, anayanyunyiza nje kwa mdomo, na hasira inatoka nayo. Babu alikuwa akisema sharti ni moja tu: usibakishe. Ukitasa na kuna mtu hujamtaja, umedanganya, na maji yanakurudia.

Unakumbuka ulivyopanda Mghange na buibui na sweta tatu? Ulianguka kwenye tope mara mbili kabla ya kufika mlangoni, ukasema, "Wallahi nyinyi watu mwaishi juu huku kwani mlimkosea nani?" Tulikuwa tunaenda kwenye mashindano makubwa wiki ile, nikataka Babu atubariki. Akatunyunyizia wote wawili, usoni, bila kutuonya. Wewe ukasimama tu, maji yakidondoka puani. Nikaogopa umekasirika. Halafu ukajipangusa ukamuuliza kwa heshima zote, "Babu, hii yatosha udhu au nirudie?" Mzee alicheka mpaka tukamshika asianguke na kiti. Tangu siku hiyo akawa haniulizi habari za mume wangu, ananiuliza habari za yule Mswahili wako.

Basi walikuja kwangu. Jumapili mchana, baada ya ibada, Mzee Mwakio na Kocha Mwadime. Nilijua wanachotaka kabla hawajakaa. Nikawamiminia chai kutoka kwa ile thermos. Ilikuwa ya asubuhi, imepoa. Kocha akaonja akakirudisha kikombe mezani. Nikamwambia, hata zawadi yenu haishiki moto.

Mzee alizunguka sana. Aliuliza habari ya watoto, ya mvua, ya bega. Mwishoni akasema wangependa nije uwanjani Jumamosi, kabla ya mechi na Mahoo wa kule Taveta, kwa sababu wakipoteza hiyo wanatoka kwenye ligi kabisa na timu itavunjika. "Uje uwaachilie watoto, Wakesho. Si mambo ya kimila, mimi ni mzee wa kanisa unanijua. Ni maombi tu."

Nikamuuliza, na hiyo chupa kwenye mfuko ni ya nini?

Akakohoa. "Ni maji ya miwa tu."

Kocha Mwadime, ambaye amelelewa Mombasa na mambo ya milimani hayajui, akageuka akamwangalia, "Mzee, ngoja kwanza. Atatutemea mate?"

Ningekuwa na wewe siku hiyo, Zuhura, tungecheka wiki nzima. Peke yangu sikucheka. Niliwaambia nitakuja. Lakini nitakuja na hasira yangu, na nitaisema yote, mbele ya watu wote, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Hamwezi kutaka maji bila maneno. Mzee akasema bila shaka, bila shaka, lakini kwa ufupi. Nikamwambia miaka kumi na moja haina ufupi.

Nilitembea wiki hiyo yote nikiyapanga. Nikifua mashuka nayasema. Wenzangu pale kazini waliniona naongea na povu. Mama mkwe aliniambia wawie radhi tu mwanangu, ni watu wakubwa. Nikamwambia mama, nimekusikia, na sitaki.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulikuwa na watu wengi kuliko siku ya fainali, neno lilikuwa limezunguka. Mahoo walikuwa wameshafika, wanajinyoosha upande wa pili, wanatuangalia kama watu waliokuja kwenye arusi ya jirani wakakuta ugomvi. Mwewe wakapanga mstari. Mzee Mwakio akanipa chupa. Saru alikuwa mgongoni, macho wazi.

Nikasema. Sikupaza sauti. Nilisema nina hasira na daftari, kwa sababu mtu ana mdomo na angeweza kuniita. Nina hasira na mwenyekiti aliyewapigisha watu makofi nikiwa sijui nimefanywa nini. Nilisema kuzaa si ugonjwa wala si uzee, na anayedhani ni uzee amuulize mama yake. Nikasema bega linauma, ndiyo, linauma, lakini hakuna aliyeniuliza, na ningeulizwa ningesema. Nikasema hamkuniacha kwa sababu siwezi kurusha, mmeniacha kwa sababu hakuna wa kudaka, na hilo ni tatizo lenu, si langu. Pendo akaangalia chini. Nikamwambia wewe Pendo sina lolote nawe, inua uso, mdakaji haangalii chini. Kocha alikuwa amesimama mikono nyuma kama mtoto wa shule. Nikamtaja kwa jina lake na la baba yake. Hakuna aliyecheka.

Halafu nikachukua maji ya miwa, yakajaa kinywa.

Na hapo, Zuhura, na mashavu yangu yamefura mbele ya watu mia mbili, nikakukumbuka.

Sikuwa nimekutaja. Wiki nzima nimepanga maneno, na jina lako sikulipanga. Na hasira niliyokuwa nayo na hao wote ukiichanganya haifiki nusu ya niliyonayo na wewe. Ningetema wakati ule ningekuwa mwongo mbele ya Babu na mbele ya kila mtu wa kwetu aliyewahi kusimama hivyo. Na kukutaja sikuweza, kinywa kimejaa, na hata kisingejaa nisingekutaja pale, wewe si wa kutangazwa uwanjani.

Nikameza.

Nilimeza yote. Matamu. Mtoto alikuwa amenyonya asubuhi yote na mimi sikuwa nimekunywa chochote, nikaona hata nimepata kiu, nikanywa tena kutoka kwa chupa. Nikafunga kifuniko. Nikamrudishia Mzee chupa yake, nikamwambia sijatasa. Chezeni kwa mikono yenu. Nikaenda nikakaa na watu.

Kelele iliyotokea huwezi kuamini. Mwanamke mmoja nyuma yangu, "Amekataa! Ameimeza!" Mwingine, "Kaa kimya, kuimeza ni kuichukua yeye, amewaondolea." Wazee wawili walianza kubishana pale pale, mmoja akadai babu yake aliwahi kufanya hivyo, mwingine akamwambia babu yako alikuwa mlevi, alimeza kwa sababu ilikuwa pombe.

Na Mwewe wakashinda.

Kwa mkimbio mmoja, mwishoni kabisa. Mghoi alirusha kama mtu aliyemponyoka simba. Pendo alidaka mpira wa mwisho kwa tumbo, lakini alidaka. Walinibeba! Walinijia wote, jasho tupu, "Asante Dada Wakesho, asante kwa kututasia." Nikawaambia sikutasa. "Tunajua, Dada, tunajua." Kocha Mwadime alinishika mkono kwa mikono miwili akaniambia, hakika nyinyi watu wa milimani mna nguvu. Nikamwambia Mwadime, sikutasa, nimekunywa tu kwa sababu nilikuwa na kiu. Akatabasamu kama nimempa siri. Mpaka leo nikipita sokoni yule mama ananiongezea nyanya.

Kurudishwa kwenye timu, hakuna aliyetaja.

Nilikwenda nyumbani nikakaa. Nikasema, haya, kama hasira yangu ndiyo iliyokuwa inawaangusha, nimeimeza yote iko hapa ndani, na wameshinda. Basi haikuwa kwao. Ilikuwa imekwenda kwingine wakati wote. Ndiyo maana nakuandikia. Kaburini kwako sikwenda kutasa, na sitakwenda. Mama yako akinikuta nanyunyiza maji ya miwa kwenye makaburi ya Waislamu atanifukuza na fagio, na atakuwa na haki. Kwa hivyo nitakutaja hapa, kwa kalamu.

Zuhura, nina hasira na wewe.

Siku ya mazishi, wanaume wamekwenda kukuzika, sisi wanawake tuko ndani, mama yako alinivuta jikoni. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, alikuwa ajua tangu Ramadhani ya mwaka uliopita. Alitukataza tusikwambie." Uvimbe kwenye titi. Miezi kumi. Nikamuuliza mama, kwa nini? Akasema, "Alisema timu wakijua watamtoa. Na alisema Wakesho akijua, ataacha kutupa kwa nguvu."

Katika miezi hiyo uliichuchumalia mipira yangu. Nakumbuka ule wa juu uliokuponyoka ukakupiga kifuani, ukaanguka chali. Nikakimbia kuja. Ukanipungia glavu nisimame, ukainuka, ukapangusa vumbi, ukapiga kelele, "Waogopa nini weye? Tia nguvu!" Nami nikatia. Nilitia nguvu, Zuhura. Niliona fahari. Nilikuwa nakupiga mahali penyewe na wewe ulikuwa unaomba zaidi, na hukunipa nafasi ya kuchagua.

Najua ulikuwa na miaka thelathini na sita na ulishaona jinsi Mwadime anavyokuhesabia pumzi ukitoka beisi moja kwenda nyingine. Najua ulijua watakupumzisha na kukupa thermos. Sasa hata mimi najua inavyouma. Lakini mimi sikuwa wao. Mimi nililala kwenu, ulinisuka nywele, ulinifundisha kupika wali ukakauka punje moja moja. Ulikaa nami siku nzima ukinisikiliza nikilalamika kichefuchefu cha mimba, na wewe una jambo lile mwilini, ukaniambia kunywa tangawizi. Ningekupeleka hospitali nikiwa nimekubeba. Ningempiga mtu. Ungekuwa hapa, umekonda, umekasirika, hauchezi, lakini upo. Ulichagua mchezo. Ndivyo ninavyoona, na ukitaka kunijibu njoo unijibu.

Nimesema. Sijabakisha.

Nimetoka sasa hivi na kikombe cha maji hadi mlangoni, miwa sina. Nimetema. Upepo umerudisha, umelowesha shuka mbili za lodge, itabidi nizisuuze tena. Sijui Babu angesema imekubalika. Nimejisikia mwepesi kidogo hapa kooni. Si yote iliyotoka, nakwambia ukweli. Iko iliyobaki na hiyo sikuitema kwa makusudi. Si yako. Ni ya Mwewe, na nina kazi nayo.

Maana siku ile uwanjani kuna mwingine aliyekuwa anasikiliza. Nahodha wa Mahoo, jina lake Wawuda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ana shamba la ndizi kule na watoto wanne. Alinipigia simu siku ya tatu. "Dada, sisi tumeshindwa na timu yako iliyokufukuza. Sasa si uje utusaidie tuwalipe?" Nikamwambia nina masharti. Bega langu linauma na sitalificha, siku likikataa nitasema na tutapanga. Na mchezaji wa timu hiyo akiugua, au akizaa, nafasi yake inamngoja hata mwaka, na lazima aseme, asifiche, na hakuna wa kumtoa kwa kusema. Nikamwambia hilo liandikwe. Zuhura, alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Dada, sisi wote hapa tumezaa. Nani atamfukuza nani?" Lakini aliandika. Nimeiona karatasi, wote wameweka sahihi, mmoja ameweka dole gumba lenye rangi ya ndizi.

Kwa hivyo saa hii mimi ni mtu wa Mahoo. Kila Ijumaa nikimaliza mashuka napanda basi la Taveta na Saru, Mwatate, Maktau, Salaita, mpaka kule kwa mifereji na ndizi, nalala kwa Wawuda, Jumamosi nafanya mazoezi, narudi. Nimechoka mpaka nikisimama nasinzia kama punda. Mwambi ameuliza mara moja tu kama ni lazima. Nikamwambia ni lazima. Akanunua mafuta ya kuchua bega, akaniletea, na ndiyo maana niliolewa naye. Mama mkwe anasema watu wataongea. Waongee, wana midomo, mimi pia ninao.

Na nilikwenda hospitali nikapimwa matiti yote mawili. Daktari msichana mdogo, mikono baridi kama ya Mghange. Niko sawa. Nikawapeleka na Pendo na Mghoi, ndiyo, wa Mwewe, wale ni watoto wangu hata kama nitawapiga. Waliogopa. Niliwaambia habari zako zote, hata zile ulizotaka zifichwe. Hilo ndilo lipizo langu kwako, na nitaendelea kulifanya kwa kila msichana atakayeshika glavu nikiwa hai. Nakuahidi.

Ahadi nyingine. Jumamosi hii ligi ya msimu mwingine inaanza, na mechi ya kwanza, sijui nani alipanga lakini Mungu amlinde, ni Mahoo na Mwewe, hapa Voi. Nitaingia kwenye duara lile lile. Sitasalimia meza ya mwenyekiti. Nitarusha mpaka mkono ukatae, na ukikataa nitasema umekataa, nitatoka kwa miguu yangu, na hakuna mtu atakayenipa kitu cha kutia chai. Baada ya hapo ndiyo labda nitatasa, mbele yao, vizuri.

Saru ameamka, anaita. Lala salama, shoga yangu. Mama yako nitampitia Ijumaa, ameniagiza sabuni. Sikuombi dua, hiyo najua unanipa bila kuombwa. Naomba vitu, nakuandikia kimoja kimoja usije ukachanganya kama siku ile nilikuagiza ndizi mbichi ukaniletea kilo mbili za viazi.

Usingizi, masaa manne yasiyokatika, Alhamisi au Ijumaa.

Jino la Saru litoke, lile la mbele linalomsumbua, au lingoje mpaka Jumatatu.

Mawingu kidogo. Si mvua. Wapigaji wa Mwewe wanapenda jua likiwa nyuma yao.

Na Mahoo wana mdakaji, anaitwa Charity. Mikono mizuri, mikubwa, magoti ya chuma, mdomo unao uchafu wa kutosha. Lakini mpira ukifika anafumba macho. Nimemwambia, nimemwonyesha, bado anafumba. Hayo mengine yanaweza kuchelewa. Macho ya Charity yafunguke kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi.

Wakesho